Kiungo cha taya kioshwe kabla ya kupasuliwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie kuhama kwa kisahani cha kiungo cha taya, ugonjwa ambao kwa jina haujulikani sana hapa Tabora, ingawa wanaougua wapo mjini, wapo Sikonge, wapo Nzega na Urambo. Mtu anaamka asubuhi taya limekaza. Jana lilikuwa likialika, yaani likitoa mlio, kila anapotafuna; leo halialiki tena, ila mdomo haufunguki zaidi ya vidole viwili. Anakwenda duka la dawa, anapewa matone ya sikio kwa sababu maumivu yapo mbele ya sikio. Wiki mbili baadaye anang'olewa gego lisilo na kosa. Mwezi wa tatu anaambiwa atafute nauli ya Dar es Salaam akapasuliwe. Katika mzunguko huo wote hatua moja imerukwa, nayo ndiyo tunayoiandikia barua hii: kuosha kiungo cha taya kwa sindano.

Tuanze na kiungo chenyewe. Weka ncha za vidole mbele kidogo ya masikio yako, kisha fungua mdomo na kuufunga taratibu. Kinachosogea chini ya vidole ni kichwa cha taya la chini. Kinakaa ndani ya kibonde cha mfupa wa fuvu, na mbele ya kibonde hicho kuna kilima kidogo cha mfupa. Katikati ya kichwa na fuvu kuna kisahani cha gegedu, chembamba katikati, kama milimita 1 hivi, na kinene upande wa nyuma, karibu milimita 3. Mdomo unapofunguka, kichwa huzunguka kwanza palepale, halafu huteleza mbele kukishuka kile kilima, na kisahani hufuatana nacho kama kofia inavyomfuata mvaaji. Kwa nyuma kisahani kimeshikwa na nyama laini yenye damu nyingi na mishipa mingi ya fahamu. Sehemu ya kati ya kisahani chenyewe haina damu wala fahamu. Kwa hiyo mgonjwa anaposema kiungo kinamuuma, mara nyingi kinachouma ni ile nyama ya nyuma, ambayo sasa inakaliwa na kichwa cha taya badala ya kisahani.

Kisahani kikihama, kwa kawaida huenda mbele, mara nyingi mbele na kwa ndani kidogo. Mwanzoni mdomo ukifunguka kichwa hukiruka kisahani na kuingia chini yake: hapo ndipo taya linapoalika. Mdomo ukifunga, kisahani huchopoka tena, na mara nyingi mlio wa pili, mdogo zaidi, husikika. Mdomo bado unafunguka vizuri. Baadaye, kwa baadhi ya watu, kisahani hukunjamana au hung'ang'ania, kikawa kama kigingi mbele ya kichwa. Mlio unakatika ghafla na mdomo unakwama. Wagonjwa wengi hufurahi mlio ukikoma. Ndugu zao nao huwaambia wamepona. Mlio uliokoma pamoja na mdomo kukaza ni ugonjwa uliosogea hatua moja mbele.

Kupima hakuhitaji mashine. Tumia rula ya mwanafunzi, pima kutoka ncha ya jino la mbele la juu hadi ncha ya jino la mbele la chini, mdomo ukiwa wazi kadiri ya uwezo. Mtu mzima hufungua milimita 40 hadi 50 na zaidi, au vidole vyake mwenyewe vitatu vikiwa vimesimama wima kati ya meno. Kiungo kilichokwama mara nyingi hufungua chini ya milimita 35, na kidevu hupinda kuelekea upande unaoumwa. Kisha mwambie asogeze taya kushoto na kulia: kwenda upande wa kiungo kibovu anaweza, kwenda upande mwingine hafiki mbali. Vipimo hivi vitatu, vikiandikwa na tarehe, vinamwambia daktari mengi kuliko picha ya kawaida ya meno, kwa sababu eksirei haionyeshi kisahani hata kidogo. Inaonyesha mfupa tu. Kinachoonyesha kisahani ni MRI, picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, nayo hupigwa mdomo ukiwa umefungwa, kisha tena ukiwa wazi. Ukipewa ya mdomo uliofungwa peke yake umepata nusu ya jibu.

Kabla hatujaendelea, kuna magonjwa mengine yanayokaza taya ambayo hayapaswi kabisa kupelekwa kwenye sindano tunayoizungumzia. La kwanza ni pepopunda. Mtu aliyekaza taya, shingo na mgongo vikakakamaa, hasa akiwa na kidonda au alichomwa na msumari siku au wiki chache zilizopita, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Usaha wa gego la mwisho nao hukaza taya, lakini huja na homa, uvimbe na kumeza kwa shida. Mtoto ambaye mdomo wake umekuwa ukipungua tangu alipoanguka na kugonga kidevu anaweza kuwa na mifupa iliyoshikana, na hiyo ina upasuaji wake tofauti. Uvimbe au kidonda cha mdomoni kisichopona kinahitaji kuchunguzwa kama saratani. Na taya lililobaki wazi lisifunge ni kutenguka, kinyume cha tunachokisema hapa, na hurudishwa kwa mikono.

Jambo la pili la kuondoa njiani ni hili: kisahani kilichohama hakitibiwi kwa sababu tu kimehama. Watu wasio na maumivu yoyote wakipigwa MRI, takriban theluthi moja huonekana visahani vyao vimehama. Wanakula, wanaimba, wanapiga miayo bila taabu. Taya linaloalika bila kuuma na bila kukwama halihitaji dawa wala kisu. Daktari anayependekeza kupasua kwa sababu ya mlio peke yake aulizwe sababu nyingine, na kama hana, mgonjwa aende nyumbani.

Anayeumwa ndiye anayetibiwa, na anaanzia chini. Wiki za mwanzo ni chakula laini: uji, mlenda, ugali usiokazwa, maharage yaliyopondwa, viazi vilivyochemshwa, maziwa mgando. Matobolwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vitamu kama vilivyo, viwekwe kando. Vivyo hivyo mua, mahindi ya kuchoma, karanga ngumu na bazoka. Embe lising'atwe zima, likatwe vipande. Kitambaa chenye maji ya moto ya kustahimilika kwa dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku, hulegeza misuli. Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya kula, kwa siku 7 hadi 10, inatosha watu wazima wengi, isipokuwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito. Anayesaga meno usiku hutengenezewa plastiki ngumu ya kulalia, inayofunika meno yote ya taya moja, la juu au la chini. Mgonjwa apige miayo huku ngumi yake ikishikilia kidevu. Na mazoezi ya kufungua taratibu mpaka pale maumivu yanapoanza, siyo kupita hapo.

Taya lililokwama siku chache tu linaweza pia kurudishwa kwa mkono. Anayejua kazi hiyo humpiga mgonjwa ganzi, huweka dole gumba kwenye magego ya chini ya upande uliokwama, hukandamiza kwenda chini ili kichwa kiachane na kibonde, halafu huvuta taya mbele. Tunasema anayejua. Kuvutwa taya na mtu asiyejua, au kukandwa kwa nguvu na viganja, kumeacha watu na michubuko ya ile nyama ya nyuma na kukwama kuliko mwanzo.

Wengi wataishia hapo na kupona. Wanaohitaji upasuaji wa aina yoyote ni wachache. Lakini kwa yule ambaye mdomo umekwama kweli na wiki tatu au nne za matibabu haya hazijasogeza rula, kumwongezea mwezi mwingine wa vidonge ni kumpotezea muda. Kiungo kilichokwama hujenga nyuzi ndani yake, misuli husahau urefu wake, na kila hatua inayofuata huwa ngumu kidogo kuliko ingekuwa jana.

Hapa ndipo kuosha kunapoingia. Njia hii ilielezwa mwaka 1991 na Nitzan, Dolwick na Martinez, nayo ilikuja na mshangao uliobadilisha fikra za wapasuaji. Kabla yake wapasuaji wengi waliamini kwamba kisahani lazima kirudishwe mahali pake. Thomas Annandale alikuwa ameshakishona huko Edinburgh mwaka 1887, na mwishoni mwa miaka ya 1970 upasuaji wa kukivuta nyuma na kukishona ulienea Marekani. Sasa kukaonekana wagonjwa waliooshwa kiungo tu, mdomo ukafunguka, maumivu yakashuka, na MRI ikionyesha kisahani kikiwa bado mbele vilevile. Maana yake mdomo haukuwa umezuiwa na mahali kisahani kilipo peke yake. Ulizuiwa na kisahani kilichoganda kwenye fuvu kwa ute mzito na mvuto wa ndani, na maumivu yalitoka kwenye kemikali za uvimbe zilizojaa katika nafasi ndogo ya kiungo. Ukipitisha maji, ute mzito unatoka, kemikali zinatoka, kisahani kinaachia na kuteleza. Kwa miezi inayofuata ile nyama ya nyuma hukakamaa na kuanza kufanya kazi ya kisahani.

Tunaeleza kazi yenyewe kwa kirefu kwa sababu tunataka wahusika wa hospitali zetu waone kilivyo kidogo kinachohitajika. Mgonjwa hulazwa nusu-kuketi, uso umegeuzwa upande mzima. Tundu la sikio huzibwa kwa pamba ili maji na damu visiingie. Ngozi husafishwa kwa iyodini. Kwa kalamu huchorwa mstari kutoka kona ya nje ya jicho hadi katikati ya kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio. Alama ya kwanza huwekwa milimita 10 mbele ya kinyama hicho na milimita 2 chini ya mstari. Ya pili milimita 20 mbele na milimita 10 chini. Ganzi ya lignokaini asilimia 2 hupigwa kwenye mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kichwa cha taya, na chini ya ngozi penye alama.

Mgonjwa anafungua mdomo kadiri awezavyo, au anawekewa kitu cha kuung'ata, ili kichwa kisogee mbele na kuacha nafasi. Sindano ya kwanza, yenye unene wa geji 18 hadi 20, huingia kwenye alama ya kwanza ikielekezwa juu, ndani na mbele, mpaka iguse mfupa wa nyuma ya kilima. Kina chake kwa mtu mzima ni karibu milimita 20 hadi 25. Anayepita hapo bila kugusa mfupa asimame na aanze upya, kwa maana juu ya kibonde kile mfupa ni mwembamba na nyuma yake ni ubongo. Huingizwa maji mililita 2 hadi 3. Ukiwa ndani kweli, utaona kidevu kinasogea kidogo kila unaposukuma, na ukiachia, bomba la sindano linarudi lenyewe. Halafu sindano ya pili huwekwa kwenye alama ya pili au milimita chache mbele ya ile ya kwanza, na maji huanza kutoka upande wa pili.

Maji ni ya dripu, aina ya Ringer au chumvi ya kawaida. Hupitishwa mililita 100 hadi 300. Mililita 200 ndicho kiasi kinachotumiwa na wengi, na huchukua robo saa hivi. Katikati ya kazi daktari huziba sindano ya kutolea kwa kidole kwa sekunde chache ili kiungo kijae na nyuzi zikatike, huku msaidizi akilisogeza taya kufungua, mbele na pembeni. Hatua hii ikiachwa, umeosha lakini hujakwamua. Mwishoni wengine huingiza mililita 1 ya asidi ya hayaluroniki, ute wa kulainisha kiungo ambao ni bei ghali, au steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, mara moja. Sisi tunaona steroidi isirudiwe-rudiwe, kwani inakula gegedu, na kwa kiungo cha kijana tungeiacha kabisa. Kuosha kwenyewe ndiko kunakofanya sehemu kubwa ya kazi.

Yanayoharibika yanajulikana. Maji yasipotoka, ncha ya sindano ya pili imegusa mfupa au iko nje ya kiungo: izungushwe, irudishwe nyuma kidogo, mgonjwa afungue mdomo zaidi, usiongeze nguvu ya kusukuma. Shavu likianza kuvimba, maji yanakwenda kwenye nyama, simama. Damu ikitoka kwenye sindano umegusa mshipa unaopita mbele ya sikio. Toa, kandamiza dakika tano. Kope la upande ule likishindwa kufunga baada ya kazi, ni ganzi iliyosambaa kwenye mshipa wa fahamu wa uso: mgonjwa aambiwe mapema asiogope, jicho lifunikwe, baada ya saa chache litarudi. Kwa siku moja hivi meno ya nyuma upande ule yanaweza yasigusane kwa sababu kiungo bado kina maji. Hayo hupita. Lisilopita lenyewe ni uvivu wa mazoezi. Kuanzia siku ileile mgonjwa afungue mdomo, asogeze taya kushoto na kulia na mbele, mara 10 kila upande, vipindi 5 au 6 kwa siku. Vijiti vya mbao vya kukandamizia ulimi vikipangwa kimoja juu ya kingine kati ya meno ya mbele ni kipimo na zoezi kwa pamoja: kila siku chache ongeza kimoja. Rula ipimwe wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita.

Katika taarifa nyingi zilizochapishwa, wanaopata nafuu baada ya kuoshwa ni kati ya asilimia 70 na 90, na wanaofanikiwa zaidi ni wale ambao taya limekwama kwa wiki au miezi michache, kuliko waliokaa nalo miaka. Isipofaulu mara ya kwanza inaweza kurudiwa. Isipofaulu ya pili, haina maana kufanya ya tatu. Hapo kuna tatizo la ndani linalohitaji kuonwa kwa macho.

Kuona kwa macho kuna njia mbili. Ya kwanza ni kamera nyembamba, ya unene wa milimita 2 hivi, inayoingizwa kupitia tundu dogo mbele ya sikio. Masatoshi Ohnishi wa Japani ndiye aliyeeleza matumizi yake kwenye kiungo hiki mwaka 1975. Mgonjwa hupewa nusu kaputi, bomba la hewa likipita puani ili mdomo ubaki huru kusogezwa. Daktari huona nyuzi na kuzikata, huona nyama iliyovimba, huona kama kisahani kimetoboka, na wale wenye uzoefu mkubwa hukivuta nyuma na kukishona kwa uzi kupitia tundu hilohilo. Ni njia nzuri. Inahitaji mashine ya gharama na mikono iliyozoea, na kwa sasa mgonjwa wa Tabora ataifuata mbali.

Ya pili ni kufungua kiungo. Mkato hufuata mkunjo wa ngozi mbele ya sikio. Hatari kubwa hapa ni tawi la mshipa wa fahamu wa uso linalopandisha nyusi. Al-Kayat na Bramley walipopima mwaka 1979 walikuta tawi hilo linavuka mfupa wa shavu umbali wa milimita 8 hadi 35 mbele ya tundu la sikio, wastani milimita 20. Mpasuaji haruhusiwi kukisia. Hushuka karibu na sikio mpaka kwenye utando mgumu wa msuli, kisha husogea mbele chini ya utando huo ili mshipa ubaki juu, salama ndani ya tabaka lililoinuliwa. Hata hivyo nyusi inaweza kulegea kwa wiki au miezi, na kwa wengi hurudi ndani ya miezi 3 hadi 6. Kwa wachache hairudi. Mgonjwa aambiwe hili kabla ya kutia saini, kwa maneno haya haya, na siyo baada.

Kiungo kikifunguliwa, hali ya kisahani ndiyo inayoamua. Kikiwa cheupe, kinang'aa, kinakunjika na kufika mahali pake bila kulazimishwa, hukatwa kipande cha ile nyama ya nyuma iliyolegea na kisahani kikavutwa na kushonwa, au kikafungwa kwa skrubu ndogo ya titani iliyopandwa nyuma ya kichwa cha taya. Kikiwa kimejikunja kama gome kavu, kimekuwa kinene au kimetoboka, kukishona ni kujidanganya: kitahama tena. Hicho kitolewe. Watu hushtuka kusikia kisahani kinaondolewa moja kwa moja, lakini wagonjwa walioondolewa na kufuatiliwa kwa miaka mingi wengi wao wanatafuna bila maumivu. Kichwa cha taya hujisawazisha, picha huonyesha mfupa uliobadilika umbo, na mlio wa kusagika kama mchanga huweza kubaki. Baadhi ya wapasuaji hujaza nafasi kwa mafuta yaliyochukuliwa tumboni kwa mgonjwa mwenyewe, au kwa kipande cha msuli wa panja, ili mifupa isishikane. Mazoezi yake ni ya miezi sita, na asiye tayari kuyafanya asipasuliwe, kwa sababu kovu litakaza mdomo kuliko ugonjwa ulivyoukaza.

Kuna pia upasuaji usiogusa kiungo kabisa. Mfupa wa taya hukatwa kwa wima kupitia ndani ya mdomo, kichwa kikashuka milimita chache na kuwapa nafasi kisahani na nyama ya nyuma. Meno hufungwa pamoja kwa wiki kadhaa. Unawafaa baadhi ya wenye maumivu na mlio, ila meno yakikaa vibaya baada yake kazi ya kuyarekebisha ni ndefu. Na kiungo bandia cha chuma na plastiki ngumu kipo, kwa ajili ya mifupa iliyokwisha kuliwa au kushikana. Hakiwekwi kwa sababu ya kisahani kilichohama peke yake.

Tusisahau kilichotokea Marekani katika miaka ya 1980, kwa maana hapo ndipo haraka ya kisu ilipoonyesha gharama yake. Visahani vilivyotolewa viliwekewa mbadala wa Proplast-Teflon, aina ya plastiki. Mwanzoni wagonjwa walisema wamepona. Kisha vipande vile vilisagika kwa kutafuna, chembe zikawasha mwili, seli zikazila pamoja na mfupa wa kichwa cha taya, na kwa wengine hata mfupa wa chini ya ubongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ikaagiza viondolewe sokoni, na watu waliokuwa na tatizo la kisahani tu wakajikuta wakifanyiwa upasuaji wa tatu, wa nne, wa tano. Kila upasuaji wa ziada kwenye kiungo hiki hupunguza matumaini ya ule unaofuata. Kwa hiyo ukiambiwa ufunguliwe kiungo, muulize daktari wako kwa heshima: kimeshaoshwa? Mdomo wangu unafungua milimita ngapi leo, na unatarajia ngapi baada ya miezi sita? Kisahani kikionekana kibovu utakitoa au utakishona, na utaweka nini pale? Nani atasimamia mazoezi yangu nikirudi Tabora? Daktari mzuri hakasirishwi na maswali haya.

Ombi letu kwa uongozi wa afya wa mkoa ni dogo. Sindano za geji 18 zipo stoo. Dripu ya Ringer ipo. Lignokaini ipo, mabomba ya mililita 20 yapo, iyodini ipo. Kinachokosekana ni daktari wa kinywa na meno mmoja au wawili kupelekwa kwa wapasuaji wa taya wa hospitali ya kanda au ya taifa wakajifunze kwa kufanya, na hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, itenge siku moja kwa mwezi kwa wagonjwa hawa. Mwenye taya lililokwama atoke Igunga au Kaliua asubuhi, aoshwe, alale kwake au kwa ndugu, na aendelee na mazoezi. Treni ya kwenda Dar, zaidi ya kilomita 800, ibaki kwa yule ambaye sindano imeshindwa.

Na wenzetu wa zahanati na vituo vya afya, tunaowaheshimu kwa kazi kubwa mnayoifanya: mgonjwa wa taya akija, chukueni rula kabla ya kuandika dawa ya sikio. Kwenye karatasi ya rufaa andikeni upande unaoumwa, milimita za kufungua, kama kidevu kinapinda na kinapinda wapi, kama taya lilikuwa likialika kabla ya kukaza, dawa alizotumia na kwa siku ngapi. Na juu kabisa ya karatasi, kabla ya yote hayo, andikeni tarehe mlio ulipokoma na mdomo ukakaza, kwa sababu hiyo ndiyo daktari ataitafuta kwanza.

Wenu,
Wataalamu wa afya ya kinywa, meno na taya,
Tabora Mjini